Msamaha Uliopigiwa Makofi

Katika picha za Nzeyimana kila kitu kilikwenda taratibu. Ng'ombe walipita uwanjani kana kwamba wanatembea chini ya maji, pembe zao ndefu zikipanda na kushuka, na shanga za shingoni zikichelewa kidogo kuwafuata. Wazee waliofunga mashuka begani waliinua fimbo zao, na fimbo zikachukua muda mrefu kufika juu. Inspekta Kankindi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, katika chumba cha ghorofani mkabala na soko la Kimironko, akiangalia kwa mara ya tatu harusi ya watu asiowajua. Usingizi ulikuwa unamnyemelea, wala haukuwa usingizi mbaya.

"Haiwezi kwenda mbio kidogo?" aliuliza.

"Inaweza, Afande, lakini iko haribu," alisema Nzeyimana, mpiga picha za harusi, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. "Harusi ikienda mbio, iko fanana na vita."

"Na sauti je?"

"Sauti hapana. Hapo nitaweka muziki."

Sajini Sangwa alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amemzidi Kankindi umri na usafi wa viatu, na aliamini kwamba mpelelezi akikaa hapelelezi. Chini, cherehani za mafundi wa soko zilikuwa zinalia zote kwa pamoja, na nje manyunyu yalikuwa yameanza tena, yale ya Kigali ambayo hayamloweshi mtu ila yanamfanya asahau alikuwa anakwenda wapi.

"Jalada linatoka jioni hii, Afande," Sangwa alimkumbusha.

Kankindi hakuhitaji kukumbushwa. Katika mahabusu ya kituo chao alikuwamo dereva wa pikapu aitwaye Habumugisha, na jioni hiyo jalada lake lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka. Likishafika huko, kumtoa ingekuwa kazi ya miezi. Na Kankindi alikuwa na hakika moyoni, bila ushahidi wowote wa kuweka mezani, kwamba Habumugisha hajaua mtu.

Mambo yalianza Jumamosi iliyopita, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Watu wa mtaa mmoja wa Kagarama walitoka asubuhi na majembe yao kusafisha mtaro, wakamkuta motari, dereva wa pikipiki ya abiria, amelala majanini amekufa. Mkuu wa mtaa, mama mmoja aitwaye Mukabalisa, alipiga simu polisi papo hapo, kama inavyotakiwa. Kisha, kwa kuwa polisi walichelewa na kazi ilikuwa haijaisha, walimfunika marehemu kwa kitenge kizuri, wakamwombea, wakaendelea. Kankindi alipofika alikuta maiti imelazwa kando ya barabara safi kuliko barabara zote alizowahi kuziona. Nyasi zilikuwa zimefyekwa. Alama za matairi zilikuwa zimefagiwa. Pikipiki ilikuwa imefutwa tope. Mawe ya ukingoni yalikuwa yamepakwa chokaa, na chokaa ilikuwa bado mbichi.

"Tuliona haya, Afande," Mukabalisa alimwambia. "Polisi waje wakute uchafu?"

Kankindi alimshukuru. Angefanya nini? Katika kazi hii alikwisha kumkamata mwizi wa Kacyiru aliyekula chakula cha mwenye nyumba, akaosha vyombo, akakutwa anapangusa meza. Alikwisha kupokea malalamiko ya mzee wa Kicukiro ambaye majirani walianza kumfanyia matanga kabla hajafa, kwa sababu wiki ile mahema yalikuwa yanapatikana. Alikuwa akivisimulia visa hivyo kwenye sherehe za wenzake, na watu walikuwa wakishika mbavu. Siku hizi alivisimulia kidogo. Alikuwa amechoka kukuta kila kifo kimekaa na kichekesho pembeni yake.

Vitu viwili viliuponyoka ufagio. Cha kwanza ni vipande vya kioo cha taa ya gari, kwa sababu watu wa Mukabalisa hutenga vioo kwenye gunia lake. Cha pili ni helmeti ya marehemu. Ilikuwa imekaa juu ya jiwe, wima, imeelekezwa barabarani, kamba zake zimeingizwa ndani.

"Wameipanga hao hao wa umuganda," Sangwa alisema siku ile.

Mukabalisa aliapa kwa mkono juu. Helmeti ndiyo waliyoiona kwanza, kabla ya mtu mwenyewe, na hawakuigusa, kwa sababu ndicho kitu pekee mahali pale kilichokuwa nadhifu tayari. Hata chokaa waliizungusha kando ya lile jiwe.

Kankindi mwenyewe ndiye aliyeiinua, akaifunga kwenye mfuko mbele ya Sangwa tu. Ndani yake alikuta kofia nyeupe ya kufuma, ya Kiislamu, imekunjwa mara nne kama kitambaa cha mezani. Marehemu alikuwa Yusufu Nshimiyimana wa Nyamirambo. Mjane wake, Hadija Mukandekezi, aliitwa kuitambua kofia hiyo. Aliiangalia muda mrefu bila kulia.

"Ni yake. Nilimufumia mimi," alisema. "Lakini Yusufu hakunji hivi. Mtu ameishika."

Tangu siku hiyo Hadija alikuja kituoni kila asubuhi, akakaa kwenye benchi la mapokezi, mkoba mapajani. Alipoonyeshwa Habumugisha akipitishwa na pingu, alitikisa kichwa. "Huyu analia kuliko mimi," alisema. "Mimi nataka mwenyewe." Kankindi hakumsahau hata usiku mmoja.

Ila Sangwa alikuwa na pikapu. Pikapu ya Habumugisha ilikutwa Kagarama Jumapili, taa ya kulia imevunjika, wala hakukubaki kioo cha kulinganisha. Habumugisha alidai taa ilikuwa nzima Jumamosi yote, alipokuwa anabeba vinywaji vya harusi, na kwamba aliivunja jioni kwenye nguzo ya hema, wageni wakiwa wameondoka. Nani alimwona? Hakuna. Walikuwa wamekunywa. Ndipo Kankindi alipokumbuka kwamba hakuna harusi Kigali isiyopigwa picha, akapanda ngazi za Nzeyimana.

"Simamisha hapo," alisema sasa.

Lango la uwanja wa harusi lilikuwa wazi. Pikapu ilikuwa inaingia taratibu mno, makreti yamepangwa nyuma, na Habumugisha mwenyewe dirishani anatabasamu kama bwana arusi. Kwa sababu ya manyunyu alikuwa amewasha taa, zote mbili.

Kankindi aliinuka kwenye kiti. Furaha ilimpanda hadi kooni, akataka kumkumbatia mtu, lakini waliokuwapo ni Nzeyimana na Sangwa.

"Motari alikufa alfajiri," alisema. "Harusi ilikuwa mchana wa siku hiyo hiyo. Taa hizi hapa, nzima."

Sangwa aliisogelea skrini hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Alikuwa mtu wa haki, pale haki ilipoonekana kwa macho.

"Basi ametoka," alisema kwa huzuni. "Lakini mkubwa atauliza, huyu akitoka, anaingia nani?"

"Endelea kuonyesha," Kankindi alimwambia Nzeyimana.

Magari ya upande wa bwana arusi yaliingia moja baada ya jingine, yakielea kwenye manyunyu. Yote yalikuwa na maua katikati ya boneti, yamefungwa kwa utepe. Gari la nne, jeupe, la zamani, lilikuwa na maua upande mmoja. Shada zima lilikuwa limefungwa mbele ya taa ya kulia, likaifunika isionekane.

"Hili la nani?"

"La kwao bwana arusi," alisema Nzeyimana. "Mimi niliona nikasema, eh, hii ni mutindo mupya."

Bwana arusi aliitwa Kenny, na alikuwa Rubavu na mkewe, kando ya ziwa. Kankindi alimpigia simu huku akijiandaa kumchukia. Kijana wa watu alipokea akiwa na mdomo uliojaa samaki.

"Gari jeupe? Si letu, Afande. Ni la Muzehe Silvère, yule musemaji wetu. Maua alifunga mwenyewe, alikataa kusaidiwa. Tulicheka sana."

"Alikuwa mzima siku hiyo?"

"Muzima kabisa. Hukusikia hotuba? Watu walilia kwa kucheka. Aliposema wameua mtu wa watu njiani, mama mukwe wangu alimwaga fanta."

Kankindi alikata simu polepole. Manyunyu yalikuwa yanateleza kwenye dirisha, na kwa muda hakusikia hata cherehani.

Kila mtu Rwanda anajua mchezo ule. Upande wa bwana arusi huja kuomba mke, na upande wa bibi arusi huwatafutia kosa, maana hawezi kutolewa binti kirahisi hivyo. Msemaji wa waombaji hutakiwa awe na ulimi. Hukiri makosa ambayo hayakutendeka, akayapamba, akaomba radhi, wenyeji wakamtoza faini ya kinywaji au ng'ombe, na mwisho wakatangaza kwamba yamekwisha. Jinsi kosa linavyokuwa kubwa ndivyo watu wanavyocheka. Wasemaji hodari hukodishwa kama mahema, na Mzee Silvère, mstaafu wa wizara, alikuwa anasifiwa kuwa bora kuliko wote.

"Umeifuta sauti yake?" alimuuliza Nzeyimana.

"Oya, Afande. Iko kwa kadi. Hotuba huwa nakata tu, ni ndefu. Harafu watu wanataka ngoma."

"Nipe hotuba."

Kwenye skrini Mzee Silvère alisimama, mrefu, shuka jeupe, fimbo mkononi. Safari hii picha ilikwenda kwa mwendo wa kawaida, na sauti yake ikajaa chumbani, nzito na laini, Kinyarwanda kilichotiwa maziwa.

"Wenyeji wetu, hatukuja kwenu tukiwa safi. Alfajiri ya leo, katika ukungu, tulipokuwa tunakuja kumwamkia ng'ombe wenu, tulimgonga kijana wa watu. Tulisimama. Tukamvua helmeti apumue, hakupumua. Tukaiweka juu ya jiwe, tukiielekeza barabarani, ili akiamka asiitafute. Kofia yake nyeupe tukaikunja, tukaiweka ndani isilowe umande. Kisha tukamwacha, tukaja kwenu kuomba binti."

Watu walikuwa wameanza kucheka tangu kwenye ng'ombe. Niyonzima, msemaji wa upande wa bibi arusi, alijishika kiuno. "Kijana gani mnayemsema? Vijana wetu wote hawa hapa wanamaliza vinywaji. Labda mmegonga mwizi wa mbuzi." Kicheko kikapaa hadi kwenye hema. Silvère alisimama akiwaangalia, safu kwa safu. Niyonzima akatoza faini ya ng'ombe wa pili, akanyoosha mkono na kusema kosa limesamehewa, yamekwisha. Makofi yalichukua muda mrefu, na ng'ombe mmoja alilia nyuma ya hema.

Nzeyimana naye alikuwa anatabasamu, mpaka alipouona uso wa Kankindi.

"Afande, haya ni maneno ya harusi," Sangwa alisema. "Kwenye harusi yangu baba mdogo alikiri kuiba mwezi."

"Huyu amekiri helmeti."

"Kagarama ni hapo hapo penye harusi. Watu wa umuganda wamesimulia asubuhi, mchana yeye akapambia hotuba."

Lilikuwa pingamizi zuri, na Kankindi alimheshimu kwa hilo. "Watu wa umuganda waliona nini?"

"Helmeti juu ya jiwe."

"Kuna aliyeigeuza?"

Sangwa aliikumbuka siku ile barabarani, Kankindi akiinua helmeti na kutoa kitu cheupe ndani, watu wa umuganda wakiwa mbali wanaosha majembe.

"Hakuna," alisema. "Mimi na wewe."

"Na aliyeikunja."

Sangwa alivua kofia yake ya kazi, akaishika kifuani. Alionekana kama mtu aliyecheka msibani kwa bahati mbaya, ndipo akaambiwa ni msiba.

Walikwenda Kacyiru mchana, wakati watumishi wa wizara walikuwa wanarudi kutoka kula, vitambulisho vikining'inia shingoni. Nyumba ya Mzee Silvère ilikuwa nyuma ya ua uliokatwa sawasawa. Gari jeupe lilikuwa chini ya kibanda, limeoshwa. Taa yake ya kushoto ilikuwa na umanjano wa uzee. Ya kulia ilikuwa mpya, inang'aa kama jicho lililotolewa mtoto wa jicho jana.

Mzee alikuwa barazani na kikombe cha maziwa, anasema peke yake kwa sauti ya chini. Jumamosi ijayo alikuwa na harusi nyingine. Alipowaona hakushtuka. Aliita waletewe maziwa, kisha akasogeza viti kwa mkono wake.

"Tuseme Kiswahili," alisema. Alikulia Bujumbura, na Kifaransa kilikuwa kinachungulia katika maneno yake. "Kwa askari ni Kiswahili. Kinyarwanda ni ya wakwe. Na wewe Madame, Kiswahili yako ni ya redio kabisa."

"Ni ya Karagwe, mzee. Nimesikia hotuba yako."

"Ah. Walikuambia ni nzuri?"

"Wamesema ilichekesha."

Silvère alikiweka kikombe chini, akakigeuza mpini ukae sawa na ukingo wa meza.

"Taa ya zamani iko wapi?" Sangwa aliuliza.

"Kwa stoo. Nimeifunga kwa karatasi. Mimi situpi kitu ovyo."

Sangwa alikwenda, akarudi nayo. Alitoa kwenye bahasha kipande kikubwa kuliko vyote cha gunia la Mukabalisa, akakijaribu kwenye pengo. Kiliingia mahali pake bila kusukumwa. Katika wizara za jirani mtu alikuwa anapiga honi, mara moja moja, kwa adabu.

"Ulikuwa unakwenda wapi alfajiri ile?" Kankindi aliuliza.

"Gahanga. Kuona ng'ombe. Huwezi kusifu ng'ombe haujaona macho yake. Ukungu ulikuwa mwingi, Madame, niliendesha kama mutu anaota. Nilisikia tu paa. Bon. Nilishuka."

"Alikuwa hai?"

"Kidogo. Aliniita muzee. Nikamuvua kasike, hii helmeti, apumue. Halafu akaacha kuniita."

"Ulikuwa na simu?"

"Nilikuwa nayo."

"Kwa nini hukupiga?"

Mzee aliitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mizuri, ya mtu aliyezoea kutazamwa akiinyoosha. "Nilikuwa na harusi saa nane," alisema. "Nikasema nitapiga nikimaliza. Watu wananingoja, ng'ombe wananingoja. Unaweza kuamini upumbavu kama huo? Mimi mwenyewe siamini, lakini ndiyo ilikuwa kwa kichwa. Nikarudi kwa barabara ile, nikakuta watu wa umuganda wanapaka chokaa. Wakanipungia mukono."

"Ukafunga maua."

"Nikafunga maua. Halafu moyo ukakataa. Nikasema, Silvère, utasimama mbele ya watu mia tatu, sema kweli. Nikasimama, nikasema kweli yote, hata kofia. Wakacheka."

"Ungewaambia wanyamaze."

"Niliwaangalia mumoja mumoja. Nilingoja mumoja tu asicheke. Angekuwa hata mutoto, ningeishia pale, ningesema nifungeni." Sauti yake nzito ilikuwa imekauka. "Hakuna. Halafu Niyonzima akasema yamekwisha, wakapiga makofi. Madame, haujui ni tamu namuna gani. Nilirudi hapa nikalala. Siku zote hizi ninalala vizuri sana."

Kankindi alijikuta anamwonea huruma, akachukia kumwonea. Alitazama maziwa yaliyoletwa mbele yake, meupe, yametulia, na utando mwembamba umeanza kushika juu. Hakuyanywa.

"Mjane wake hajalala," alisema. "Anaitwa Hadija. Anakaa kwenye benchi letu kila siku. Hakualikwa kwenye harusi yako, mzee. Wote waliokusamehe hukuwa umewakosea chochote."

Mzee Silvère aliinuka, akaingia ndani, Sangwa akiwa nyuma yake hatua kwa hatua, akatoka amevaa koti la suti na viatu vilivyong'arishwa.

"Fimbo naweza kubeba?"

"Fimbo itabaki," alisema Sangwa, kwa upole usio wa kawaida yake.

Walifika kituoni manyunyu yakiwa yamekatika, na mji mzima unatoa mvuke. Habumugisha alitolewa, akarudishiwa mkanda na kamba za viatu. Alifunga viatu vyake polepole, akitazama mlango kana kwamba unaweza kubadilisha nia.

"Ni kweli nilionekana kwa picha, Afande?" aliuliza.

"Ulionekana vizuri. Unatabasamu."

"Nilikuwa na furaha siku ile," alisema Habumugisha, machozi yakamtoka tena, akaenda zake.

Hadija alikuwa kwenye benchi. Aliwaona wakiingia, Inspekta, sajini na mzee mrefu katikati, naye akasimama kabla hajaambiwa lolote. Kankindi alichukua mfuko wenye kofia kutoka kwa Sangwa. Kabla ya kuandika chochote alitaka mjane asikie, na asikie kutoka kinywani mwa mwenyewe.

"Huyu hapa, dada Hadija," alisema. "Ana neno."

Silvère alijinyoosha. Mkono wake wa kulia ulitafuta fimbo hewani, haukuikuta. Alianza kwa Kinyarwanda, na sauti ikaja yenyewe, ile ile nzito na laini, akiwaamkia watu wa nyumba ya marehemu, akizitaja baraka zao, akisema hatukuja kwenu tukiwa safi. Maneno yalikuwa mazuri. Askari wa zamu aliyekuwa mapokezi aliinua kichwa, akaanza kutabasamu bila kujua. Silvère aliliona tabasamu lile, akakatika katikati ya sentensi.

"Hapana," alisema. "Kwa Kinyarwanda itakuja na maua." Kiswahili chake, cha askari na cha sokoni, kilitoka kikigugumia. "Mama. Mimi nilimugonga bwana yako. Aliniita. Mimi nilimuacha. Nilienda kwa harusi."

Kisha akanyamaza pale alipozoea kunyamaza, na kimya kikaendelea. Askari wa zamu alikuwa ameinamisha uso. Nje pikipiki zilipita, zikaongezeka, zikapungua.

"Kofia," alisema Hadija. "Ni wewe ulikunja?"

"Ni mimi."

Hadija alinyoosha mkono. Sangwa alivuta pumzi ili aseme kwamba hicho ni kidhibiti, Kankindi akamtazama, naye akaiachia pumzi bila neno. Hadija aliupokea mfuko, akaitoa kofia. Aliketi tena pale pale kwenye benchi, akaikunjua mikunjo yote minne, akaipiga pasi kwa kiganja juu ya goti, mara nyingi, mpaka alama za mzee zikafifia. Akaibonyeza katikati mara moja tu, kama Yusufu alivyokuwa akifanya kila jioni akiingia nyumbani, akaiweka mapajani. Halafu akageuza uso kwenye mlango.

Mzee Silvère alibaki amesimama mbele yake, mikono mitupu, akingoja aambiwe yamekwisha.